Kumwadhimisha Dkt. Charles Drew na watoto: chupa za adesi, safari ya Washington, au kwenda kuchangia damu?

Kila Februari, mwezi ambao Marekani huadhimisha historia ya Weusi, watoto wa huku hurudi nyumbani na karatasi za kupaka rangi. Binti yangu alipokuwa na miaka 7 alileta moja yenye picha ya mwanamume aliyevaa koti la kidaktari. Uso ameupaka kahawia, koti samawati, na akataka nilibandike kwenye friji. Huyu ni nani? "Charles Drew." Alifanya nini? "Daktari wa damu." Alifanya nini na hiyo damu? Akapandisha mabega, akaenda zake kucheza.

Nikajua kwamba sehemu iliyobaki ni yetu wazazi. Tunaishi Maryland, si mbali na Washington, mji aliozaliwa Drew, na tangu mwaka ule tumemwadhimisha kwa njia tatu. Tumetengeneza damu ya mezani jikoni. Tumezunguka mahali alipozaliwa, alipokaa na alipozikwa. Na tumekwenda kuchangia damu, watoto wakiwapo. Nimeulizwa na wazazi wenzangu mara nyingi ipi ni bora, hasa na wale wenye Jumamosi moja tu ya kutoa. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza mumjue mnayemwadhimisha

Njia yoyote mtakayoichukua, hadithi yenyewe ni moja, na inafaa mzazi aijue vizuri kabla ya kukaa na watoto.

Drew alizaliwa tarehe 3 Juni 1904. Baba yake alikuwa fundi wa kutandika mazulia. Ujanani alisifika zaidi kwa michezo kuliko kwa vitabu, na ni michezo iliyomsaidia kwenda Chuo cha Amherst. Vyuo vingi vya udaktari Marekani wakati ule vilikuwa haviwapokei Weusi, au viliwapokea wachache mno, kwa hiyo akavuka mpaka kwenda McGill, Montreal, akahitimu 1933 akiwa wa pili katika darasa la watu 137. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Columbia kikampa shahada ya udaktari wa sayansi ya tiba, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata, kwa tasnifu aliyoiandika kuhusu kuhifadhi damu.

Mwaka huohuo London ilikuwa ikipigwa mabomu. Madaktari wa New York walianzisha mpango wa kukusanya plazima, yaani maji ya njano yaliyomo ndani ya damu, na kuipeleka Uingereza, na Drew akaitwa kuuongoza. Kati ya Agosti 1940 na Januari 1941 watu zaidi ya 14,000 walichangia, na zaidi ya lita 5,000 za plazima iliyochanganywa na maji ya chumvi zikavuka bahari.

Hapa pana makosa mawili ninayoyasikia kila mwaka, na ningeomba msiwapitishie watoto. La kwanza ni kwamba Drew "alivumbua" benki ya damu. Hospitali ya Cook County kule Chicago ilikuwa na benki ya damu tangu 1937. Alichofanya Drew ni kikubwa kwa namna yake: alionyesha jinsi ya kuifanya kazi ile kwa maelfu ya watu, kila kituo kikifuata utaratibu mmoja, usafi mmoja na vipimo vilevile, hata chupa iliyotoka hospitali moja iaminike sawa na iliyotoka nyingine. Kosa la pili ni kuhusu kifo chake, nitalifikia tukifika makaburini.

Chupa za adesi mezani

Tafuta chupa mbili za kioo zinazofanana kabisa. Sisi tulitumia za achari, za lita moja, tukazibandua karatasi. Jaza kila moja adesi, zile dengu ndogo nyekundu, hadi chini kidogo ya nusu. Tia kijiko kidogo cha ufuta na punje tatu nne za maharage meupe. Kisha loweka manjano kwenye maji, uyachuje kwa kitambaa, na ujazie maji hayo ya njano hadi juu. Funga, tikisa kwa nguvu, weka mezani, msiiguse.

Baada ya dakika moja mnaona mambo mawili. Chini zimetuama adesi, ambazo ni chembe nyekundu. Juu yamebaki maji ya njano, ambayo ni plazima. Katika damu ya mtu plazima ni kama asilimia 55 na chembe nyekundu ni karibu 45, na ndiyo maana ya kipimo kile cha chini kidogo ya nusu. Ufuta ni chembe sahani zinazogandisha kidonda. Haragwe ni chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Kuna mahali chupa inadanganya: haragwe huzama na adesi, wakati katika damu halisi iliyotulia chembe nyeupe na chembe sahani hukaa katikati, ukanda mwembamba kati ya nyekundu na njano. Waambieni hivyo, hawachukii kuambiwa.

Sasa watoto wanaweza kuielewa kazi ya Drew kwa macho. Damu nzima wakati ule ilidumu kama wiki moja tu kwenye baridi, kwa sababu chembe nyekundu huharibika. Meli ya kwenda Uingereza ilikula siku nyingi njiani. Lakini mkimimina taratibu yale maji ya njano peke yake kwenye kikombe, mmepata kitu kinachodumu zaidi, kinachosafiri, na ambacho majeruhi alitiwa bila kungojea kulinganisha kundi lake la damu. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka 10, alimimina haraka adesi zikaingia kikombeni, akalazimika kuanza upya. Mara ya tatu akaweza, mkono wake umetulia kama wa mtu anayemwaga tui la kwanza.

Kisha inakuja sehemu ambayo kwangu mimi ndiyo shughuli yenyewe. Kabla watoto hawajaingia jikoni, nilikuwa nimebandika karatasi chini ya kila chupa. Moja imeandikwa "Mweupe", nyingine "Mweusi". Nikawaambia: Marekani ilipoingia vitani mwishoni mwa 1941, Msalaba Mwekundu, kwa matakwa ya jeshi, ulikuwa haupokei damu ya Weusi. Januari 1942 ukakubali kuipokea, kwa sharti ihifadhiwe mbali na ya Weupe na watiwe Weusi tu. Drew alikuwa ameshaondoka, amerudi Chuo Kikuu cha Howard kufundisha wapasuaji tangu masika ya 1941. Kwa hiyo mtu aliyeongoza kazi ile, na yeye akichangia, damu yake ingetengwa. Alisema waziwazi kwamba ubaguzi huo hauna msingi wowote wa kisayansi. Haya, niambieni, ipi ni ya Mweupe?

Binti yangu alizitazama kwa ubavuni. Akaziinua moja moja dhidi ya dirisha. Akazitikisa zote mbili, akasubiri zitulie, akapima kwa kidole mahali njano ilipoanzia. Mwisho akazipindua akasoma karatasi, akamgeukia bibi yake.

"Bibi, sasa waliandika ya nini?"

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, naye alikuwa pale mwisho wa meza akichambua adesi zilizobaki, kwa kuwa haruhusu chakula kikae na vijiwe. Hakumjibu swali lile. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi nilipomzaa mama yenu mdogo nilitiwa chupa mbili. Hospitali ilikuwa haina damu. Wakaambiwa ndugu waje. Wakaja kaka zangu wawili usiku, mmoja alikuwa hata hajala."

Miaka yote hii nilijua kwamba mama aliugua wakati wa kujifungua. Kuhusu zile chupa mbili sikuwahi kusikia. Kijana wangu akashika chupa moja ya achari, akauliza, "Kama hii na hii?" Bibi akaitazama, akasema ndogo kuliko hiyo, na kwamba ilikuwa baridi ikiingia mkononi, anaikumbuka baridi yake.

Faida ya njia hii, basi: gharama yake ni nusu kilo ya adesi, inachukua saa moja, inafaa kuanzia mtoto wa miaka 4 au 5, na inafanyika Minneapolis, Muscat au Mwanza sawasawa. Tena huleta mazungumzo mezani, na kwenye familia zetu karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kuitwa hospitali usiku akachangie. Mwalikeni bibi au babu makusudi, hata kwa simu. Upungufu wake ni kwamba Drew mwenyewe anaweza kupotea katikati ya manjano na ufuta. Wekeni picha yake mezani, mtajeni kwa jina. Na msiache chupa zaidi ya saa moja: adesi hunywa maji, zikavimba, na kipimo chote kikaharibika.

Safari ya Washington

Hii niliitazamia kuliko zote, nikaipangia siku nzima, na ndiyo ninayoipendekeza kwa tahadhari.

Tulianzia Foggy Bottom, mtaa alikokulia utotoni, ambako unafika kwa treni ya chini ya ardhi. Leo ni mtaa wa vyuo na ofisi. Ni lazima mzazi awe msimulizi, maana kwa macho hakuna cha kumwonyesha mtoto. Kutoka hapo tulikwenda kwa gari hadi Arlington, Virginia, kwenye nyumba ya mbao ya familia yake, 2505 1st Street South, iliyotambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1976. Ni nyumba ya watu. Huingii, unasimama barabarani unaitazama, unaondoka. Binti yangu aliuliza kama tunaweza kubisha hodi. Nikamwambia hapana, akakasirika, na nilimwelewa.

Kisha Howard, ambako Drew alikuwa mkuu wa upasuaji na ambako alilea kizazi kizima cha wapasuaji Weusi, wakati chama kikubwa cha madaktari cha taifa kilikuwa kinawafungia madaktari Weusi mlango kupitia matawi yake ya mitaa. Kijana wangu alitembea pale kwa heshima, akatazama wanafunzi wakipita na makoti yao mafupi meupe. Alinyamaza njia nzima hadi tulipofika kwenye daraja la Michigan Avenue, lililopewa jina la Drew, reli zikipita chini yake. Mdogo wake alikuwa ameshalala garini.

Mwisho ni Suitland, Maryland, makaburi ya Lincoln Memorial. Hapa ndipo safari nzima ilipojilipa. Kijana akafanya hesabu: 1904, 1950, miaka 46. Nikamwambia angalia tarehe, alifariki 1 Aprili na siku yake ya kuzaliwa ni Juni. Akarekebisha: 45. Akasema, "Mdogo kuliko baba."

Na hapo ndipo pa kulisahihisha lile kosa la pili. Hadithi inayosambaa inasema Drew alipata ajali akanyimwa damu na hospitali ya Weupe, akafa kwa kukosa kitu alichokifanyia kazi maisha yake yote. Haikuwa hivyo. Alikuwa akisafiri usiku na madaktari wenzake watatu kwenda Tuskegee, Alabama, kutibu watu bure katika kliniki ya kila mwaka. Karibu na Burlington, North Carolina, akiwa kwenye usukani, alisinzia, gari likapinduka. Alipelekwa hospitali ya Alamance, madaktari Weupe wakamhudumia kadiri walivyoweza, lakini majeraha yalikuwa makubwa mno. Madaktari waliokuwa naye garini ndio waliolieleza hilo.

Najua kwa nini hadithi ya uongo ina nguvu. Wapo Weusi wengi waliorudishwa milangoni mwa hospitali miaka ile, na kifo cha Drew kikabeba vifo vyao. Lakini mtoto akija kugundua baadaye kwamba tulimdanganya hapa, atatilia shaka na lile la chupa mbili, ambalo ni kweli tupu. Damu ilitenganishwa kweli. Msalaba Mwekundu uliacha kuitenga mwaka 1950, mwaka uleule aliozikwa.

Kwa hiyo: safari inafaa watoto wa miaka 10 na kuendelea, wanaoweza kusimama mbele ya nyumba iliyofungwa na kuijaza kwa mawazo yao. Inataka gari, siku nzima, na chakula cha kubeba. Mkiwa na watoto wadogo, nendeni Arlington na Suitland tu, msilazimishe vituo vitano kama nilivyofanya mimi. Na mkiwa mnaishi mbali, sioni haja ya kukata tiketi kwa ajili hii peke yake.

Kwenda kuchangia damu

Ikiwa kuna njia ambayo Drew mwenyewe angeitambua, ni hii. Magari yenye vifaa vya baridi yanayokwenda mitaani kukusanya damu yalianza chini ya uongozi wake New York mwaka 1941. Gari lile unaloliona nje ya kanisa au maktaba leo linatoka huko.

Ila ina masharti, na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna sharti letu. Mara ya kwanza tulikwenda Januari, wiki mbili baada ya kurudi kutoka Tanga. Nikajaza fomu, watoto wamekaa viti vya pembeni wamevaa nguo nzuri, nikaulizwa nimesafiri wapi. Malaria. Nikaambiwa nirudi baada ya miezi 3. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimeuliza. Mtu aliyehamia Marekani baada ya kuishi miaka mingi kwenye nchi yenye malaria hungoja zaidi, miaka 3 tangu afike. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kuwaahidi watoto chochote. Ulizeni pia kama watoto wanaruhusiwa kukaa karibu. Si kila kituo kinakubali.

Tulirudi Juni. Safari hii binti alisimama hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Mfuko uliwekwa juu ya kidude kinachobembea taratibu, kushoto kulia, ili damu isigande. Hakuitazama sindano hata mara moja; macho yalikuwa kwenye mfuko. Ulipojaa, karibu nusu lita, muuguzi akamruhusu aguse kwa nje. "Ya moto," alisema kwa Kiswahili, na muuguzi akanitazama nimtafsirie.

Jioni alimpigia bibi yake Tanga. Alimwambia yake ilikuwa baridi kwa sababu ilitoka kwenye friji, lakini ikitoka kwa mtu ni ya moto.

Upungufu wa njia hii ni kwamba anayeshiriki ni mtu mzima. Marekani majimbo mengi yanataka miaka 17, mengine 16 kwa idhini ya mzazi, na uzito wa angalau kilo 50. Tanzania ni kuanzia miaka 18. Mtoto anabaki mtazamaji, na mtoto anayeogopa sindano msimlete kabisa. Pia kituoni hakuna nafasi ya kusimulia habari za Drew, watu wana kazi. Msipokuwa mmeisimulia nyumbani, atarudi anajua damu ni ya moto na hajui Drew ni nani.

Ningechagua ipi

Mkiwa na siku moja tu na watoto chini ya miaka 10, fanyeni chupa za adesi, wala msisite. Mkiwa na kijana mkubwa anayependa historia na mnaishi jirani na Washington, mpelekeni Suitland na mkae naye pale. Kuchangia damu kusiwe shughuli ya kwanza, kuwe ya pili, baada ya chupa, mzazi akishahakikisha kwamba hatarudishwa mlangoni.

Sisi sasa tumeacha kufanya Februari. Tunaweka chupa tarehe 3 Juni, siku aliyozaliwa Drew, na siku kumi na moja baadaye, 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ninakwenda kituoni. Hiyo inampa binti yangu muda wa kuuliza maswali yote katikati. Familia za Dar es Salaam na Tanga zinaweza kufanya vivyo hivyo kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama: wanaume wanaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, wanawake miezi 4.

Adesi za kwenye chupa msizimwage. Chagueni maharage, zisuuzwe mara mbili ufuta utoke, zipikwe jioni hiyohiyo kwa nazi. Manjano imeshaingia, haihitaji kuongezwa.